Je, Wajua? Vali Hujieleza Kabla Hujaifungua Amplifaya

Je, wajua kwamba amplifaya ya gitaa inayotumia vali, yaani mirija ya kioo ya kukuza sauti, inaweza kukuua hata baada ya kuchomolewa kwenye umeme? Kapasita zake kubwa huhifadhi chaji ya volti 400 na zaidi. Ndiyo maana fundi huipunguza kwanza kupitia rezista, akapima kwa mita, ndipo aingize mkono. Asiyefundishwa asijaribu.

Kwa bahati nzuri, mengi hujulikana kwa macho tu. Tazama juu ya vali: doa la rangi ya fedha ndani ya kioo ni bariamu, iliyowekwa ili kunyonya gesi iliyobaki. Doa likigeuka jeupe, hewa imeingia na vali hiyo haifai tena. Mwanga wa bluu kwenye kioo usikutishe. Ni elektroni zinazogonga kioo. Lakini bamba la ndani likianza kuwa jekundu, zima papo hapo! Vali inapitisha umeme kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu volti hasi inayoidhibiti imepotea, na ukichelewa transfoma nayo itaungua.

Masikio nayo yana kazi. Mvumo wa hezi 100, mara mbili ya umeme wetu wa majumbani wa hezi 50, humfanya fundi azishuku kapasita za kuchuja umeme, ambazo hukauka kwa uzee. Kisha gonga kila vali polepole kwa penseli: ile inayolia kwenye spika, vyuma vyake vya ndani vimelegea.

Usiwashe amplifaya kamwe bila spika. Transfoma ya kutolea sauti huweza kuharibika, na kuipata nyingine ni gharama.

Lakini kuna ubovu uliopendwa. Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilifika Memphis, Marekani, amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart ikiwa imeharibika safarini. Mtayarishaji Sam Phillips aliishindilia karatasi spika iliyopasuka, wakarekodi "Rocket 88" vivyo hivyo, na gitaa linasikika likikwaruza wimbo mzima. Mwaka 1964, jijini London, mpiga gitaa Dave Davies wa bendi ya The Kinks hakungoja ajali: aliichana spika yake kwa wembe, na wimbo "You Really Got Me" ukashika namba 1 Uingereza.