Dola 12 kwa Ajili ya Iqbal



Aghalabu wageni wanapozuru kituo cha mayatima hapa kwetu pwani, mambo huenda kwa mpango mmoja. Watoto huvishwa kanzu na mitandio safi, hupangwa safu, husoma kasida. Kisha mkuu wa kituo husimulia msiba wa huyu na wa yule, na yule asimuliwaye yu papo hapo, macho yako chini. Picha hupigwa. Sisi nasi tumewahi kuzipanga safu hizo, tukidhani twawatafutia riziki, na huenda ni kweli twawatafutia. Lakini iko ziara nyingine ambayo twataka muijue.

Mnamo Disemba 1994, wanafunzi wa shule ya Broad Meadows, mjini Quincy, Marekani, walipokea mgeni kutoka Pakistan aitwaye Iqbal Masih. Alikuwa mtoto wa Kikristo katika nchi ya Waislamu wenzetu, nasi twalitaja hilo kwa makusudi: haki yake juu yetu haipungui kwa sababu hiyo.

Alipokuwa na miaka 4, jamaa zake walikopa rupia 600, kiasi cha dola 12, kwa ajili ya harusi ya kaka yake, naye akawekwa rehani kwa mwenye karakana ya mazulia. Akafuma kutwa kwa miaka, na deni badala ya kupungua likazidi. Sheria ya Pakistan ya 1992 iliharamisha kazi za namna hiyo. Mtoto alipoipata habari katika mkutano wa chama cha kuwatetea wafungwa wa madeni, alikataa kurudi karakanani. Chama kikamsomesha, kisha kikasafiri naye hadi Uswidi na Marekani.

Wale wanafunzi walikuwa marika zake, ila kwa kimo alionekana kama mtoto wa miaka 6. Hakuja kuwaimbia. Alisema nao mwenyewe, kwa mkalimani, wala hakujiombea sadaka. Alitaka watoto wenzake waliosalia kwenye mazulia wafunguliwe, wapewe kalamu. Mtoto alikuwa amepewa kazi na mtoto mwenzake, si kuonyeshwa wa kuhurumiwa.

Tarehe 16 Aprili 1995 Iqbal aliuawa kwa risasi huko kwao. Kuhusu sababu, kauli zilihitilafiana. Wanafunzi wa Quincy, badala ya kulia tu, waliazimia kujenga shule kwa jina lake. Wakaziandikia shule nyingine kwa barua pepe, chombo kigeni kwa wengi zama hizo, wakimwomba kila mtu dola 12: thamani aliyowekewa rehani, na umri aliofikia. Zilipatikana zaidi ya dola 100,000, na shule ikajengwa Kasur, katika jimbo la Punjab.

Katika Suratul-Balad, kumkomboa mtumwa na kumlisha yatima vimetajwa pamoja, kuwa ndiyo njia ya mlima iliyo ngumu kupandwa. Sisi wa vituo tumeshika sana kulisha. Heshima ya yule anayelishwa tumeiacha nyuma, na Suratul-Baqara imetuonya waziwazi juu ya sadaka inayofuatwa na maudhi.

Tulipoyasema haya kwa ustadhi mmoja wa kituo, alitujibu, “Sheikh, wageni wasipoona machozi hawatoi, na unga ni wa kununuliwa.” Hatukumpuuza. Ana watoto wa kulisha usiku uleule, nasi twarudi majumbani kwetu tukiwa tumeshiba.

Hata hivyo amekubali kujaribu. Wageni wanatarajiwa baada ya Maulidi. Binti mmoja wa kituo ametuambia yuko tayari kusema nao juu ya maji ya shuleni kwao, kwa sharti kwamba hataulizwa habari za mamake.