"Mtaanza saa ngapi?"

Mzee mmoja wa Ngujini alikuwa amelala ubavu wa kushoto, mate yakimchuruzika kwenye kitambaa, tulipouchomoa mpira wenye kamera. Dakika kumi baadaye akafumbua macho, akamwuliza muuguzi, "Mama, mtaanza saa ngapi?"

"Tumeshamaliza, baba."

Hakusadiki mpaka alipooneshwa picha ya kidonda chake.

Kilichomfutia kumbukumbu ni midazolamu, sindano ya mshipani ambayo huanza kazi ndani ya dakika mbili tatu. Wengi huiita nusu kaputi. Siyo. Wa nusu kaputi hajitambui kabisa, na mara nyingi mashine ndiyo inayompumulia. Huyu anapumua mwenyewe. Ukimwita anaitika, ukimwambia "meza" anameza, ila baadaye hakumbuki kwamba alimeza.

Kuna jambo sisi wa chumba hiki cha kamera hatulisemi sana: midazolamu haiondoi maumivu. Mgonjwa anaweza kuumia, akakunja uso, kisha akasahau. Kwa kipimo cha tumbo inatosha, maana shida kubwa pale ni kichefuchefu na woga. Utumbo mpana ni habari nyingine: hewa huutanua, mpira huuvuta kwenye kona. Hapo tunaongeza pethidini au fentanili, ambazo ndizo za maumivu hasa. Zikikutana na midazolamu husaidiana kumtuliza mtu, na husaidiana pia kuidhoofisha pumzi yake. Kuichunga pumzi hiyo ndiyo kazi ya kile kibanio chenye taa nyekundu kidoleni. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 90, kamera inasubiri. Tunainua kidevu na kumwongezea hewa.

Dozi hatuigawi kama pipi. Mzee wa miaka 75 miligramu 1 au 2 humtosha, kijana huenda akafika 5, na aliyezoea pombe ya dengelua kila jioni dawa humpita kama maji. Tuambie ukweli, hatumwambii mchungaji. Na makande ya usiku wa manane yaache. Chakula kikome saa sita kabla ya kipimo, kwa sababu aliyelegezwa akitapika hana kikohozi cha kukizuia kisiingie mapafuni.

Dawa za kuzikata makali zipo: flumazenili kwa midazolamu, naloksoni kwa pethidini na fentanili. Lakini flumazenili huisha mwilini mapema kuliko midazolamu yenyewe, na aliyeamka vizuri anaweza kuzama tena. Kwa anayekaa Moshi mjini, nyumbani ni karibu. Wa Ngujini akitoka hapa hospitalini KCMC ana basi mpaka Mwanga, kisha mlima, pengine juu ya bodaboda kwenye kona na mawe. Kwa hiyo tunapodai ndugu wa kumsindikiza, si urasimu. Kwa saa 24 asiendeshe chombo, asinywe pombe, wala asitie dole gumba kwenye karatasi ya shamba.

Asiye na msindikizaji hafukuzwi. Mama mmoja wa huko huko milimani alikuja peke yake, akaikataa sindano. Tulimpulizia lidokeini kooni, chungu kama mwarobaini. Akaona koo limevimba, kumbe ni ganzi tu. Akaushika mkono wa muuguzi, machozi yakamtoka, dakika saba zikapita. Mpira ulipotoka akanyoosha kidole kwenye skrini. "Hicho chekundu ndicho kinachoniamsha usiku?"

Ndicho. Akasubiri saa nzima ganzi iishe, akanywa chai yake taratibu, akaenda kutafuta basi.