Kadi ya Pili Isiyosikia Kitu

Ofisi moja yenye simu 12 za intaneti ilikuwa na kilio kimoja: kila mchana wateja huisikia sauti ya ofisi ikikatikakatika hadi haieleweki. Fundi wao akawashauri wanunue kadi ya mtandao ya seva, yenye poti mbili, ili kompyuta moja ifuatilie simu zote. Wakanunua. Nilipoitwa niliikuta kadi nzima, taa zinawaka, lakini programu ya Wireshark haionyeshi hata simu moja. Waya ulikuwa umechomekwa kwenye swichi ya kawaida, na swichi ya kawaida humpelekea kila mmoja mzigo wake tu.

Kuweka kadi mbili kuna maana. Ya kwanza ina anwani ya IP na hufanya kazi za kila siku. Kwayo unaweza kuingia kwenye kompyuta hata ukiwa nyumbani. Ya pili haipewi anwani wala haitumi kitu, kazi yake ni kusikiliza. Ukilazimisha moja ifanye yote, shughuli zako zinachanganyika na kile unachokipima.

Kabla ya kufungua pochi, piga hesabu. Simu inayotumia mfumo wa sauti wa G.711 hutuma paketi 50 kwa sekunde, karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu 30 zikizungumza kwa pamoja hazifiki megabiti 6. Kadi ya Realtek ya gigabiti, ya dola 10 hadi 15 hivi, inaubeba mzigo huo bila shida. Intel I350 ya poti mbili ikiwa mpya mara nyingi hupita dola 80. Ni kadi imara, lakini kwa kazi hii hulipii chochote utakachokitumia. Na ukiiona kwa bei ya kutupa, ikague vizuri, maana za bandia zipo sokoni.

Mwenye laptopu atanunua kadi ya USB, bei yake karibu sawa na ya Realtek. Inatosha kujua nani alikata simu na kwa nini. Ila USB hukusanya paketi kadhaa kabla ya kuzikabidhi, kwa hiyo vipimo vya milisekunde hupotoka kidogo.

Pesa ningeiweka kwenye swichi. TP-Link TL-SG105E ya poti 5, ambayo nje huuzwa takriban dola 20 hadi 30, inaweza kunakili yote yanayopita poti moja na kuyapeleka poti nyingine, pale ilipo kadi yako ya kusikiliza. Fikiria mahali pa kuiweka. Ikikaa kabla ya ruta, utaona simu za nje tu, kwa kuwa za ndani kwa ndani hazipiti hapo. Ikikaa kwenye waya wa seva ya simu, utaona pia miito ya ndani.

Kuna pia kifaa cha kupasua waya, kama Throwing Star LAN Tap. Hakihitaji umeme, lakini hutoa kila upande wa mazungumzo kwenye poti yake, hivyo utahitaji kadi mbili za kusikiliza na ya tatu ya kazi. Tena hushusha mtandao wa gigabiti hadi megabiti 100. Kinamfaa fundi anayezunguka.

Anayetaka kurekodi tu asinunue kadi yoyote. Programu ya seva ya simu ya Asterisk hurekodi bure kwenye seva yenyewe, karibu megabaiti 1 kwa dakika kwa faili ya WAV. Ila rekodi haitakuambia paketi zilipotelea wapi.

Na sauti ya mteja ni taarifa zake binafsi. Kenya ina sheria ya kuzilinda ya mwaka 2019, Tanzania ya 2022. Kama unatafuta hitilafu, huna haja ya maneno ya mtu. Katika paketi ya kawaida ya sauti, baiti 54 za kwanza zina namba ya mfuatano na alama ya muda. Programu ya kunasa paketi ya tcpdump inaweza kuishia hapo.

Ndivyo tulivyofanya pale ofisini, baada ya kuongeza swichi ndogo. Paketi zilikuwa zikipotea kuelekea nje kila kompyuta ya uhasibu ilipopandisha nakala za akiba kwenye intaneti. Kazi hiyo sasa hufanyika saa nane usiku.