Mbwa wa shamba: mfundishe kurudi ukimwita, ndipo umfungue kamba

Leo naomba tuweke pembeni kidogo chanjo za kuku na bei ya pumba, tuongelee mlinzi wa shamba, yaani mbwa.

Juzi kijana mmoja anayefuga kuku wa mayai alinipigia simu. "Shikamoo bwana mifugo. Nina mbwa wa miezi mitano, yuko vizuri, ila nikimfungua tu haonekani mpaka usiku. Nikimwita ananiangalia halafu anakimbia. Nifanyeje?"

Nikamuuliza swali moja: "Mara ya mwisho alipokuja ulipomwita, ulimfanyia nini?"

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Nilimfunga mnyororo, kaka. Na fimbo mbili za kumkumbusha."

Nikamwambia, mdogo wangu, jibu umeshalitoa mwenyewe.

Kosa langu mimi

Simcheki huyo kijana, maana mimi nilifanya hayo hayo. Chuoni tulisoma ng'ombe, mbuzi, kuku na nguruwe kwa kina. Mbwa tulimgusa kwenye somo la kichaa cha mbwa, basi. Nilipoanza kufuga mbuzi wangu mwenyewe nilichukua mtoto wa mbwa, nikamwita Bosco, nikamlea kama nilivyoona watu wakilea.

Alipofika miezi minane aliingia kwa jirani, akaua kuku watano. Mzee alikuja mlangoni amewashika miguu. "Kijana wangu, mbwa wako kaniulia kuku." Nikaomba radhi, nikalipa. Kisha kwa hasira nikamwita Bosco. Akaja mbio huku anatingisha mkia, nami nikamchapa vizuri mbele ya mzee ili aone kwamba nachukua hatua.

Kama wiki mbili baadaye Bosco alianza kufukuza mbuzi kuelekea barabarani. Nikamwita. Alisimama, akageuka, akaniangalia. Alinisikia kabisa. Halafu akageuka tena akakimbia upande wa pili, akavuka barabara, lori likamgonga.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Siku ile ya kuku mimi nilidhani namfundisha kwamba kuua kuku ni vibaya. Yeye alijifunza kitu kingine: ukiitwa ukaenda, unachapwa. Mbwa huunganisha adhabu au zawadi na kile alichofanya sekunde moja au mbili kabla. Na sekunde mbili kabla ya fimbo, Bosco alikuwa amefanya jambo zuri kuliko yote: alikuwa amekuja nilipomwita.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na hata ukisahau mengine yote hii ishike: usimwite mbwa kwako halafu umfanyie jambo baya. Ukitaka kumwogesha, kumchoma sindano au kumfunga mnyororo, mfuate mwenyewe alipo.

Mambo ya kuandaa

Huhitaji hela nyingi. Tafuta vitu vifuatavyo:
- Mkanda wa shingoni usiombana. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo.
- Kamba nyepesi lakini imara ya mita 10 mpaka 15.
- Filimbi ya kawaida, kama ya mwalimu wa michezo.
- Dagaa wakavu, au vipande vidogo vya ini lililochemshwa. Nyama mbichi na matumbo ya mifugo usimpe, yanaweza kumletea minyoo inayorudi kwa mbuzi na kwa watu.

Kwa nini filimbi? Kwanza, inasikika mbali. Pili, haina hasira. Sauti yako siku ya hasara na siku ya mauzo si moja, lakini filimbi ni ile ile. Tatu, kibarua wako akiipuliza, mbwa anasikia kitu kile kile. Kama hutaki filimbi, chagua neno moja fupi ambalo halitumiki hovyo. "Njoo" tunawaambia watu kutwa nzima, kwa hiyo mbwa analizoea kama kelele.

Hatua kwa hatua

1. Anza akiwa mdogo. Mchukue akiwa na wiki nane hivi, asitolewe kwa mama mapema mno. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama ya 12 mtoto wa mbwa anapokea mambo mapya kirahisi kuliko wakati wowote. Atakachokizoea kipindi hicho atakiona cha kawaida ukubwani. Mwonyeshe kuku, mbuzi, watoto, pikipiki na trekta, kwa utulivu, akiwa mikononi mwako au kwenye kamba. Kule Namibia shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mbuzi na kondoo tangu mwaka 1994, na mbwa hao hukua pamoja na mifugo tangu wakiwa wadogo. Ni wazo hilo hilo.

2. Filimbi maana yake chakula. Wiki ya kwanza usimwamuru chochote. Kila unapompa chakula, puliza filimbi kwanza, kisha weka sufuria. Baada ya siku chache utaona akisikia tu anakuja mbio.

3. Mwite uani. Akiwa hatua tano kutoka kwako, puliza mara moja. Akifika, mpe dagaa hapo hapo, msifie, kisha mwachie aendelee na mambo yake. Watu wengi wanaharibu hapa. Kama kila ukimwita mchezo unaisha na mnyororo unaanza, atajifunza kukukwepa hata kama hujamchapa. Katika kila kuitwa mara kumi, mara tisa aachiwe tena. Fanya dakika tano asubuhi na tano jioni, inatosha.

4. Toka naye na kamba ndefu. Sasa nenda shambani ambako kuna harufu, vipepeo na mjusi. Kamba iburuzike chini nyuma yake. Usiizungushe mkononi, akikimbia itakukata vidole. Mwite mara moja. Akija, dagaa. Asipokuja, usiite mara tano, maana unamfundisha kwamba kuitwa mara nne za mwanzo hakuna maana. Kanyaga kamba, mvute polepole bila kumkwatua, na akifika msifie vile vile. Anachojifunza ni kwamba akiitwa lazima afike, na akifika ni raha.

5. Kuku na mbuzi. Mshike kwenye kamba, simama mbali na banda, mahali anapowaona kuku lakini bado anaweza kukusikia. Kila anapowaacha kuku na kukugeukia wewe, mpe kipande. Kesho sogea hatua chache. Akianza kulia na kuvuta kamba, umekaribia mno, rudi nyuma. Kazi hii inachukua wiki, wakati mwingine miezi. Mbwa mdogo asiachwe peke yake na kuku hata kama anaonekana mpole. Wengi huanza kwa kucheza nao, na kuku anakufa kwenye mchezo.

6. Jiandae kwa ujana wake. Kuanzia kama miezi 6 mpaka 18 mbwa aliyekuwa mtiifu anaweza kuanza kujifanya hasikii. Unakuta mtu anasema, "Mafunzo yote yamepotea." Hayajapotea. Rudisha kamba ndefu, rudia hatua ya tatu na ya nne, usipandishe hasira.

Nitajuaje yuko tayari kufunguliwa?

Kipimo ninachotumia ni hiki. Akiwa anaburuza kamba, mwite mara kumi kwa siku tofauti na mahali tofauti: kuku wakiwa nje, mtu akipita, mbwa mwingine akibweka. Akija mara tisa kwa kuitwa mara moja, na bila wewe kugusa kamba, unaweza kumfungua ndani ya eneo lenye uzio. Akishindwa, hakuna kesi, kamba inarudi wiki mbili nyingine. Akishafaulu ndani ya uzio kwa mwezi mzima, ndipo ujaribu nje, mbali na barabara.

Hata hivyo nikuambie ukweli, hakuna mbwa wa asilimia mia. Wapo wengine ambao kuku watawashinda maisha yote, hao walinde nje ya wavu. Na karibu na barabara kubwa, kamba au uzio ndiyo usalama, haijalishi amefundishwa vipi.

Makosa ninayokutana nayo sana

- Kumfunga mnyororo kutwa, kisha kumfungua usiku na kutegemea akili. Mbwa aliyefungwa siku nzima akifunguliwa anakimbia tu.
- Kumchapa saa moja baada ya kosa. Hajui anachapwa kwa nini.
- Kila mtu shambani kumwita kwa neno lake. Kaeni na vibarua, mkubaliane.
- Kuacha zawadi mapema. Akishajua, punguza polepole, lakini usiache kabisa. Hata wewe mshahara ukikatwa hutafika kazini.
- Kumkimbiza akikataa kuja. Kwake huo ni mchezo. Kimbia upande mwingine huku unamwita, atakufuata.

Chanjo kwanza

Mbwa anayetembea bila kamba anakutana na mbwa wengine. Mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, ni karibu kila mara kifo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Kwa nini ujisumbue?

Kwa sababu ya hesabu. Dagaa, kamba na filimbi ni gharama ndogo ukilinganisha na hasara. Mbwa wako akiua mbuzi wa mtu utaitwa kwa mwenyekiti, utalipa, na kesho yake jirani huyo huyo ndiye uliyekuwa unamtegemea apige kelele akiona mwizi kwenye matikiti yako. Mbwa asiyerudi akiitwa si mlinzi, ni deni linalotembea.

Yule kijana wa kuku wa mayai nilimwambia aanze upya: abadilishe neno, anunue filimbi, fimbo aiweke ndani. Siku tatu za kwanza mbwa alikuwa anasimama mbali, haamini. Siku ya nne alikuja mpaka hatua mbili hivi, akanyoosha shingo, akachukua dagaa, akakimbia. Kijana akanipigia kwa furaha, "Kaka, amekuja!" Nikamwambia asimshike, amwache aende. Kesho atakuja tena.

Na wewe uanze leo jioni. Kabla hujaweka sufuria ya mbwa chini, puliza filimbi mara moja tu.