Mtoto wa Ndugu Aliye Garsen: Kulea, Kuasili na Kafala

Katika vijiji vilivyo kandokando ya Mto Tana, kutoka Hola hadi Garsen na kuteremka deltani, mtoto aliyefiwa na wazazi aghalabu huchukuliwa na shangazi, mjomba, baba mdogo au nyanya bila mahakama kuhusishwa, kwani kwa Wapokomo, Waorma na Wawardei malezi ya yatima ni wajibu wa ukoo mzima. Wajibu huo huonekana wazi zaidi nyakati za msiba, kama baada ya mapigano ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, yaliyoua watu zaidi ya 100 katika eneo la delta. Lakini jamaa anayeishi ng'ambo, akitaka kumchukua mtoto huyo akaishi naye huko, hukuta kwamba makubaliano ya wazee, hata yakiheshimiwa vipi nyumbani, hayamtoshi afisa wa uhamiaji.

Njia ya kwanza ya kisheria ni kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mtu mwingine kuwa wa aliyemchukua kwa amri ya mahakama, ambayo kwa kawaida huhamisha haki na wajibu wote wa uzazi na kumpa mtoto haki ya kurithi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inatambua kuasili kunakofanywa na jamaa, na pia inatambua njia ya pili, kafala, ambayo ni ulezi wa mtoto kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Katika kafala, mlezi humtunza, humsomesha na kumlinda mtoto kama wake, ila mtoto hubaki na nasaba ya baba yake mzazi, wala hamrithi mlezi moja kwa moja, ingawa mlezi anaweza kumwachia kwa wasia sehemu isiyozidi theluthi moja ya mali yake. Kwa kuwa Waorma ni Waislamu, na miongoni mwa Wapokomo wamo Waislamu na Wakristo, familia mbili za Garsen zenye msiba wa namna moja zinaweza kufuata njia mbili tofauti.

Tofauti hiyo huwa na uzito mkubwa mtoto anapovuka mpaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala katika kifungu cha 20, lakini nchi nyingi za Magharibi haziihesabu kuwa ni kuasili. Mwaka 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri la mtoto kutoka Algeria, kwamba mtoto wa kafala hahesabiwi kuwa mzawa wa mlezi wake, ingawa nchi husika inapaswa kurahisisha kuingia kwake baada ya kupima maslahi yake.

Kuasili nako kuna masharti. Mwaka 2007 Kenya ilijiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kutoka nchi moja hadi nyingine, mkataba unaotaka kwanza itafutwe familia ya kumlea mtoto nchini mwake, na unaokataza faida isiyo halali. Novemba 2014, Baraza la Mawaziri la Kenya lilisitisha wageni kuwaasili watoto wa Kenya, baada ya kuzuka hofu ya biashara ya watoto. Kwa jamaa aliye Marekani, utaratibu wa mkataba huo hutaka idhini za uhamiaji zitangulie amri ya kuasili, na anayeanza na mahakama ya Kenya anaweza kujifungia njia mwenyewe.

Maandalizi huanzia Garsen. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi, barua ya chifu na taarifa ya afisa wa watoto huhitajika mara nyingi, na mtoto aliyezaliwa nyumbani bila kusajiliwa huombewa usajili wa kuchelewa. Katika eneo ambalo mafuriko huchukua nyumba pamoja na vilivyomo, nakala za hati hizo zinafaa kuwekwa na jamaa zaidi ya mmoja.

Kwa hiyo, familia inayokusudia kumpeleka mtoto ng'ambo na iulize kwanza sheria za nchi zote mbili, imsikilize mtoto mwenyewe, na isimsafirishe kabla hati hazijakamilika. Na pale ambapo shangazi aliye Garsen anaweza kumlea vizuri akisaidiwa ada na matumizi, msaada huo ndio unaofaa kutangulia.