Bustani ya uwani: Pata mboga safi, usifuge mbu



Ndugu msomaji, mwaka 2019 homa ya dengue ilipoenea Dar es Salaam, kazi yangu ya kila siku ilikuwa kuwahimiza wagonjwa na jamaa zao wamwage maji yaliyotuama majumbani. Jioni moja nilirudi nyumbani kwangu hapa Ilala nikamkuta binti yangu ana homa kali, anaumwa kichwa na nyuma ya macho. Kipimo kikaonyesha dengue. Alhamdulillah, alipona. Lakini usiku ule niliinua kisahani kilichokuwa chini ya kopo la waridi pale mlangoni, nikakuta viluwiluwi vinacheza. Siwezi kuapa kwamba mbu aliyemuuma mwanangu alitoka pale. Ninachojua ni kwamba kisahani kile nilikiweka kwa mkono wangu mwenyewe.

Je, ndiyo tuache kupanda? La hasha. Tupande, lakini kwa elimu.

Kwa nini tupande

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mmea kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Hakuweka sharti la ukubwa wa shamba. Ndoo ya mchicha kwenye kibaraza cha ghorofa la Kariakoo nayo imo.

Ipo pia sababu ya kitabibu. Sehemu ya mboga tunazonunua hulimwa bonde la Mto Msimbazi. Mto huu huanzia vilima vya Pugu, hupita Vingunguti na Jangwani, na kuingia baharini karibu na Daraja la Salender, ukiwa umebeba maji taka ya viwanda na majumba. Tafiti, mojawapo ikichapishwa mwaka 1999, zimekuta madini ya risasi na kadmiamu katika mboga za kandokando yake. Vijidudu hupungua kwa kuosha na hufa kwa kupika. Risasi iliyokwisha kuingia ndani ya jani haiondoki kwa maji wala kwa moto, na hudhuru zaidi ubongo wa mtoto. Simlaumu mkulima, naye anatafuta riziki. Nasema tu kwamba mboga uliyoipanda mwenyewe unajua udongo wake na maji yake.

Chombo na udongo

Ndoo ya lita 20 iliyopasuka, dumu la mafuta ya kula lililokatwa, au kiroba vyote vinafaa. Usitumie kamwe chombo kilichowekwa rangi, dawa ya wadudu au maji ya betri. Toboa matundu chini, maana mizizi iliyozama majini huoza. Usichote udongo karibu na gereji, jalala au bonde la mto, la sivyo utakuwa umeuleta Msimbazi nyumbani.

Changanya udongo, mchanga kidogo na samadi kuukuu iliyooza kwa miezi kadhaa. Mbolea mbichi ya kuku huunguza mizizi na hubeba vijidudu vya kuharisha. Wengine huuliza kuhusu twahara. Tulivyosoma fiqhi ya Kishafii, samadi ni najisi, lakini mmea uliooteshwa kwayo ni twahara, na sehemu iliyoguswa na samadi ndiyo huoshwa.

Nini cha kupanda

Mchicha huliwa baada ya wiki tatu hadi nne. Matembele hupandwa kwa kipande cha shina tu, na ukichuma huchipua tena. Ongeza bamia na kotimiri, na shina la mchaichai kwa ajili ya chai. Rehani imetajwa ndani ya Qur'an, katika Surat Ar-Rahman, na asumini ndiyo pambo la akina mama zetu wa pwani. Mboga zinahitaji jua la saa tano au sita kwa siku. Mbegu zinapatikana katika maduka ya pembejeo Kariakoo.

Mboga za majani zina madini ya chuma na foliki, ambavyo mjamzito na mtoto wanavihitaji ili kujenga damu. Kamulia ndimu juu ya mboga iliyopikwa, kwani husaidia chuma kufyonzwa mwilini. Chai ya rangi ingoje saa moja baada ya chakula, maana hukizuia chuma hicho. Mboga haichukui nafasi ya vidonge vya kliniki.

Maji yasipotee, yasituame

Maji ya bomba ni ghali na hukatika. Tawadhia juu ya beseni, kisha mwagilia mimea. Maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu hayatwahirishi tena, lakini yenyewe ni twahara. Yasiwe na sabuni wala ya kusukutulia. Anayeishi ghorofani amwagilie kwa kiasi, yasimdondokee jirani wa chini.

Mbu wa dengue, aina ya Aedes, huuma mchana na hupenda maji masafi yaliyotulia nyumbani. Kutoka yai hadi mbu huchukua kama siku saba hadi kumi. Kwa hiyo, kila Ijumaa kabla ya kuoga kwa ajili ya swala, inua kila kisahani na kila chupa ya maua, mwaga maji, kisha sugua kuta zake kwa brashi. Kumwaga tu hakutoshi, kwa sababu mayai hunata ukutani na hukaa makavu kwa miezi yakingoja maji. Kisahani kijaze mchanga, au kitupe. Pipa la maji lifunikwe vizuri.

Mtu akipata homa ya ghafla, asimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kabla ya kupimwa, maana huongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamo yatosha. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au kutokwa damu puani na kwenye fizi ni dalili za kukimbilia hospitali.

Usafi wa mikono

Paka wa mtaani huchimba kwenye udongo laini, na kinyesi chao hubeba vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito avae glavu au mfuko wa nailoni mikononi, au kazi hiyo waifanye wengine. Wote tunawe kwa sabuni baada ya kushika udongo. Udhu ni ibada, na sabuni ina kazi yake. Wadudu wa mboga wapulizie maji ya sabuni ya kipande, si dawa ya mbu ya kopo.

Waridi letu bado lipo mlangoni. Kisahani hakipo, na binti yangu ndiye mkaguzi wa kila Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.