Joto Ndilo Huamua: Jinsia ya Kobe Wachanga

Kifaranga wa kuku huwa jike au dume tangu yai halijatagwa. Kobe si hivyo. Kwa aina nyingi za kobe, yai hufukiwa likiwa bado halina jinsia, na joto la udongo ndilo huamua: penye ubaridi kiasi hutoka madume, penye joto zaidi majike.

Ugunduzi huu ulianzia Afrika. Mwaka 1966, huko Dakar, Madeleine Charnier alionyesha kwamba joto hubadili idadi ya madume na majike kwa mijusi. Miaka michache baadaye Mfaransa Claude Pieau akaona jambo hilohilo kwa kobe wa nchi za Mediterania. Kwa hao, mpaka uko kwenye nyuzi 31 hivi. Punguza nyuzi mbili, karibu wote ni madume. Ongeza mbili, karibu wote ni majike. Kila aina ina mpaka wake, kwa hiyo namba hiyo isichukuliwe kama amri kwa kobe wetu wa Katanga.

Kinachosahaulika sana ni wakati. Joto huamua jinsia katika theluthi ya kati tu ya ukuaji ndani ya yai. Kipindi hicho joto likipanda, kimeng'enya kiitwacho aromatase huongezeka na kugeuza homoni za kiume kuwa za kike. Kabla na baada ya hapo, joto huharakisha au huchelewesha ukuaji, basi.

Sasa tuje Lubumbashi, mji ulio karibu mita 1,200 juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Oktoba jua linachoma. Ndiyo maana anayefuga uani huweka mayai kwenye sanduku lenye balbu. Umeme ukikatika usiku, sanduku linapoa; asubuhi likisogezwa karibu na mbabula, joto lake linapanda kupita kiasi. Tena kipimajoto kikining'inia juu, kinasoma hewa, si yai. Yai lililo chini ya balbu na lile la pembeni yanaweza kupishana nyuzi kadhaa, na hapo mayai ya mama mmoja hutoa jinsia tofauti. Kilaze kipimajoto mchangani, kando ya yai lenyewe.

Mashine ya kutotolea vifaranga iache ilivyo. Joto lake la nyuzi 37.5 huua mayai ya kobe, na mengi ya mayai hayo hayavumilii kugeuzwageuzwa.

Wapo wanaopandisha joto wakitaka majike matupu. Sikubaliani nao: joto likizidi, vichanga hufia ndani au hutoka na magamba yenye kasoro. Tena jinsia ya kobe mchanga haionekani kwa macho. Hupita miaka kabla dume hajaonyesha mkia mrefu na tumbo lililobonyea. Basi ukiuziwa kobe mdogo kwa ahadi kwamba ni jike, usilipe hata faranga moja ya ziada kwa ahadi hiyo.